Chapa ya Fundi Pima

Fundi Pima hakuwa na gari. Hakuwa na mashine ya kuranda. Aliranda kwa mikono. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Simu yake haikuwa na kifuniko, aliifunga kwa mpira ili betri isidondoke. Hakuwa na subira na mteja anayesema, "Wewe kata tu, itatosha." Hakuwa na daftari. Karakana yake nzima haikuwa na karatasi hata moja, ila kalenda ya mwaka uliopita.

Uaminifu alikuwa nao tele. Kwa hiyo hakujiona amepungukiwa na kitu.

Jina lake la kuzaliwa lilisahaulika zamani. Watu walimwita Fundi Pima kwa sababu alipima mara tatu kabla ya kukata mara moja. Kila asubuhi alifungua mlango wa karakana, akafagia maranda ya jana, akanoa patasi, akachomeka penseli sikioni. Kisha alikwenda nyuma, kwenye banda lenye paa la bati, kutazama mbao zake.

Banda hilo lilikuwa fahari yake. Mbao ngumu zilipangwa humo safu juu ya safu, na kati ya kila safu palikuwa na vijiti vyembamba ili upepo upite. Mbao za namna hiyo hazikaushwi kwa siku mbili. Huachwa miaka. Zikikauka vizuri, meza iliyotengenezwa kwazo haipindi wala haipasuki.

Kila ubao ulikuwa na chapa yake kwenye ncha. Ilikuwa chapa ya moto: duara lenye msalaba ndani. Chuma kilitiwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha kikagandamizwa kwenye mbao. Rangi hufutika. Chapa ya moto haifutiki.

Lakini si mbao zote zile zilikuwa zake.

Miaka minane nyuma, mdogo wake Fundi Pima alikuwa seremala pia. Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili. Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti wa miaka kumi na minne. Alipougua, aliandika wasia. Wasia ulisema hivi: karakana na mbao zote alizozianika ni mali ya binti yake. Ndugu yake mkubwa awe mdhamini. Azitunze mpaka binti amalize kusomea kazi, kisha amkabidhi.

Fundi Pima alilia alipousoma. Wiki moja baada ya mazishi, alizihamisha mbao zote za marehemu mpaka kwenye banda lake. Mbao hizo zilikuwa na alama ya rangi ya bluu kwenye ncha. Mtaani watu walikuwa wameanza kunong'ona, "Mbao za marehemu hazina mwenyewe." Fundi Pima hakutaka mchezo. Alizikata ncha zote kwa upana wa kidole gumba, rangi ya bluu ikaondoka. Akawasha makaa, akapiga chapa yake.

"Sasa nione mwizi atakayegusa mbao za Fundi Pima," alisema.

Hakuna aliyezigusa. Mbao zilikauka salama. Binti naye alikulia nyumbani kwake, akala chungu kimoja na watoto wake. Tangu utotoni alipenda kulala juu ya maranda, ndiyo maana wakamwita Maranda.

Maranda alipofika miaka ishirini na miwili alimaliza chuo cha ufundi. Alirudi na cheti cha useremala na mikono yenye sugu. Asubuhi moja alimkuta Fundi Pima akiranda mguu wa meza.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Shika upande ule, mguu usitikisike."

Maranda alishika. Wakaranda mpaka upande mmoja ukalainika. Kisha akasema, "Baba Mkubwa, nimemaliza chuo. Nataka kufungua ile karakana ya baba."

"Jambo jema! Damu ya seremala hiyo."

"Nilikuwa naomba orodha ya mbao zake. Nijue ninaanzia wapi."

Randa ilisimama. "Orodha?"

"Ndiyo. Idadi yake. Na ni zipi."

"Maranda," alisema Fundi Pima polepole, "nimekulea tangu ukiwa na miaka kumi na minne. Nimekulisha, nimekusomesha. Leo unakuja kunikagua kama mwizi?"

"Sikukagui, Baba Mkubwa. Ninauliza tu."

"Mtoto hamuulizi mzazi orodha! Mbao zako zipo. Neno langu halitoshi?"

Maranda aliinamisha kichwa. "Linatosha," akasema. Lakini machozi yalimlengalenga. Alitoka bila kuaga.

Mlangoni alipishana na mama mmoja mnene aliyebeba kiti kilichovunjika mguu. Mama huyo alikuwa jirani. Alifanya kazi ya ukarani mahakamani, upande wa mirathi, kwa miaka ishirini na minane, na sasa alikuwa amestaafu. Mtaa mzima ulimwita Bi Karani.

"Fundi, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mtoto wangu huyo, si wa watu. Hicho kiti kimepatwa na nini?"

"Kimepatwa na mimi," alisema Bi Karani. "Nimekikalia kwa hasira wakati nasikiliza taarifa ya habari."

Fundi Pima alicheka, hasira ikapungua. Bi Karani aliweka kiti chini, akatoa gazeti kwenye kapu. "Umeliona tangazo hili? Sheria ya wadhamini na mirathi imebadilishwa. Kila mdhamini anatakiwa kupeleka orodha ya mali anayoitunza na taarifa yake kwa msajili wa mahakama. Wale wa zamani kama wewe wamepewa muda mpaka mwisho wa mwezi ujao."

"Mambo ya ukoo hayana msajili."

"Fundi..."

"Bi Karani, kiti chako njoo Ijumaa. Tangazo lako rudi nalo."

Mambo yangeishia hapo, lakini wiki ile ile Fundi Pima aliinua gogo peke yake. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi aliyoificha hata kwa mkewe. Alianguka palepale. Jioni hiyo alifikishwa hospitali, asubuhi akapasuliwa.

Siku ya tatu alikaa kitandani wodini, akinywa uji mwepesi na kumlalamikia muuguzi kuwa kitanda kimelegea upande. "Nileteeni nyundo nikigonge," alisema.

"Mzee, ukishika nyundo mimi nakushona upya bila ganzi," alijibu muuguzi.

Mchana aliingia mwanawe wa kwanza. Huyu alikuwa na miaka thelathini. Aliuza vifaa vya ujenzi, na mfuko wa shati lake haukukosa kalamu tatu. Watu walimwita Meneja.

"Mzee, nina habari njema," alisema akikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nimekupatia kazi bila wewe kunyanyua hata msumari. Kuna mkandarasi anatengeneza madawati ya shule. Anataka mbao ngumu zilizokauka, mia mbili. Tumepatana. Lori linakuja Alhamisi."

"Mbao zipi?"

"Zilizoko bandani. Zenye chapa yako."

Fundi Pima aliweka kikombe chini. "Meneja. Zote zina chapa yangu."

"Ndiyo. Kwa hiyo zote ni zako."

"Nyingine ni za Maranda!"

Meneja alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Za Maranda? Zipi, Mzee? Mimi nimeingia bandani nimegeuza ubao mmoja mmoja. Duara na msalaba, duara na msalaba. Hakuna ubao wenye jina la Maranda. Hata wewe hujawahi kuniambia."

Fundi Pima aliwaza: kama ningefia kwenye kisu juzi, nani angelijua? Meneja si mwizi. Angeuza mbao za yatima kwa roho safi, akiamini ni za baba yake. Na Maranda angesimama na cheti chake mbele ya banda tupu. Chapa aliyoipiga kumzuia mwizi ndiyo iliyokuwa inamnyang'anya mtoto mali yake.

"Leo siku gani?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Niitie daktari. Nataka kutoka."

Daktari alikataa Jumatatu. Alikataa tena Jumanne. Jumatano asubuhi alichoka kubishana, akamruhusu kwa sharti moja: asinyanyue kitu kizito kuliko kijiko kwa wiki sita.

Fundi Pima hakwenda kulala. Alipitia nyumbani kwa Bi Karani, mkono mmoja ukishika tumbo.

"Kiti chako hakijawa tayari," alisema mlangoni. "Lakini nimekuja kuomba lile tangazo."

Bi Karani hakumcheka. Alichukua gazeti na miwani, wakaongozana mpaka karakana. Maranda aliitwa, Meneja akaitwa. Mke wa Fundi Pima alileta mkeka na chai, akabaki.

"Bi Karani," alisema Fundi Pima, "nieleze kama unayemweleza mtu asiyejua. Maana sijui."

Bi Karani aliangaza macho, akakiona kiti chake pembeni. "Kile kiti ni cha nani?"

"Chako."

"Lakini kiko kwako. Unaweza kukipeleka nyumbani ukawa unakikalia?"

"Ah! Nitakuwa fundi gani?"

"Unaweza kukiuza?"

"Hapana."

"Na nikija kuuliza kimefikia wapi, nimekutukana?"

Fundi Pima alikuna kidevu. "Mteja ana haki ya kuuliza kiti chake."

"Basi hiyo ndiyo amana. Mali ya mtu iliyo mkononi mwako. Unaishika, huimiliki. Mdhamini ni kama fundi aliyeachiwa kiti, ila kiti chake hukaa miaka minane na mwenyewe ni mtoto. Sheria ya zamani ilimwambia mdhamini awe mwaminifu, basi. Wengi walikuwa waaminifu kama wewe, na bado mali za yatima zilipotea. Unajua kwa nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Mdhamini anakufa, anaugua, anasahau. Kwa hiyo sheria mpya inataka zaidi. Mali ya amana ikae mbali na mali yako. Iwe na alama yake yenyewe. Iandikwe. Kila mwaka umwonyeshe mwenyewe imefikia wapi. Na usiitumie wala kuinunua wewe mwenyewe bila ruhusa."

Aliposema "usiitumie," mke wa Fundi Pima alikohoa.

"Una nini?" aliuliza mumewe.

"Baba Meneja, lile kabati langu la vyombo. Si ulisema umetoa mbao sita kwa marehemu shemeji?"

Fundi Pima alikumbuka. Miaka mitano nyuma mbao zake zilikuwa hazijakauka. Alichukua sita za mdogo wake. Alijiambia amekopa. Zaidi ya mkewe hakumwambia mtu, wala hakuzirudisha.

"Kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Nilichukua."

"Msibomoe kabati langu!" mkewe aliruka.

"Mama Mkubwa, kabati libaki," alisema Maranda. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu siku ile ya orodha. "Nitaweka wapi sahani nikija kula?"

"Kabati litabaki," alisema Bi Karani. "Lakini mbao sita zirudi, za aina ile ile na ubora ule ule, kutoka kwenye mbao za fundi. Na iandikwe."

"Iandikwe," alisema Fundi Pima. "Meneja, una kalamu tatu. Leo zifanye kazi."

Sasa lilibaki jambo gumu. Bandani kulikuwa na mbao mia mbili tisini na nne, zote zina chapa moja. Lori lilikuwa linakuja kesho saa nne.

"Mzee, utazitofautisha vipi?" aliuliza Meneja. "Mbao hazisemi."

"Kwa fundi zinasema," alijibu Fundi Pima. "Leta futi."

Alikalishwa kwenye kigoda mbele ya banda. Meneja na Maranda walishusha mbao moja moja na kumwekea magotini ncha yake. Fundi Pima alipima unene. Yeye siku zote alipasua mbao za inchi moja kamili. Mdogo wake aliongeza robo inchi. Walibishana juu ya robo hiyo miaka ishirini. Marehemu alisema, "Kaka, mbao ni kama mzee, ikikauka hupungua." Yeye alimjibu, "Unapoteza miti." Ubishi ule sasa ulikuwa ndio ushahidi.

"Nene. Ya Maranda." Maranda aliweka alama ya rangi ya bluu.

"Nyembamba. Yangu."

"Nene. Ya Maranda."

Jua lilipanda, likaanza kushuka. Jasho liliwatoka. Mkewe alikuja mara mbili kumwambia akalale, mara mbili akarudi amenuna. Bi Karani aliandika mistari kwenye daftari jipya, akihesabu kwa sauti ya mahakama. Fundi Pima alipima kila ubao mara tatu, kama kawaida yake, na hakuna aliyemharakisha.

Alasiri alifika kwenye safu ya chini kabisa. Alipima ubao. Akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Hizi ni inchi moja na nusu. Hizi ni za lile gogo la pamoja."

"Gogo gani?" aliuliza Maranda.

"Mimi na baba yako tulinunua gogo moja kubwa mwaka ule kabla hajaugua. Tulilipasua kiwandani siku moja. Tulipanga tutagawana baadaye."

"Mligawanaje?"

"Hatukugawana. Akaugua."

Mbao hizo zilikuwa thelathini na nane. Meneja alifuta jasho. "Basi ni rahisi. Nusu kwa nusu. Kumi na tisa huku, kumi na tisa huku."

Fundi Pima alitikisa kichwa. "Mdogo wangu alitoa zaidi kwenye gogo lile. Lakini sikumbuki alitoa sehemu gani. Theluthi mbili? Zaidi? Sikuandika." Alimgeukia Bi Karani. "Sheria inasemaje nikishindwa kutofautisha?"

Bi Karani alivua miwani. Alisema taratibu, kama mtu asiyependa kumuumiza rafiki. "Fundi, aliyechanganya ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi mwenye kuchanganya ndiye mwenye kazi ya kutenganisha. Akishindwa, shaka haimfaidishi yeye. Inamfaidisha mwenye amana. Ulichoweza kuthibitisha ni chako, chukua. Usichoweza, ni cha mtoto."

"Zote thelathini na nane?" Meneja alipaza sauti. "Lakini baba naye alilipa! Hiyo ni haki gani? Mtu amekesha miaka minane analinda mali ya mwenzake, halafu anaadhibiwa?"

"Kaka, mimi sizidai zote," alisema Maranda haraka. "Tugawane nusu. Mimi naridhika."

Wote walimtazama Fundi Pima. Alikuwa ameshika tumbo. Alitazama zile mbao nzito. Zilikuwa nzuri kuliko zote bandani. Kwa miaka minane alizipangia kazi moyoni: meza kubwa ya mwisho ya maisha yake, kabla mikono haijaisha nguvu.

"Maranda, asante," alisema. "Lakini ukinipa nusu leo kwa sababu nimekulea, huo ndio ubaya wenyewe. Utakuwa unalipia chakula. Sikukulisha kwa mkopo." Akapumua. "Meneja, si adhabu hii. Mimi ndiye niliyekata rangi ya bluu. Mimi ndiye niliyepiga chuma. Ningeandika mstari mmoja tu siku ile, leo tungejua. Sikuandika. Piga bluu zote."

"Mzee..."

"Piga bluu, Meneja. Mkono wako mwenyewe."

Meneja alichukua brashi. Alianza kwa kununa. Alipofika ubao wa kumi mkono ulikuwa umelainika, na alipofika wa mwisho alimwambia Maranda, "Angalau wewe usiandike kichwani kama mzee."

"Kichwa chake ni kama simu yake, bila mpira kingedondoka zamani," alisema Bi Karani, na wote wakacheka, hata Fundi Pima, ambaye ilibidi ashike mshono kwa mikono miwili.

Hesabu ilisomwa kabla ya magharibi. Mbao nene, mia moja sitini na nne. Za gogo la pamoja, thelathini na nane. Sita za kufidia kabati, zilizotolewa kwenye mbao nyembamba. Jumla ya Maranda: mia mbili na nane. Zilizobaki za Fundi Pima: themanini na sita.

Kesho yake saa nne kamili lori lilifika. Dereva aliruka chini akiwa na karatasi. "Mbao mia mbili. Ziko wapi?"

Meneja alitoka mbele. Jana alikuwa amemwomba baba yake amsaidie kusema, na baba alimwambia, "Mdomo uliouza ndio utakaokanusha."

"Bwana, nilikosea," alisema Meneja. "Nilikubali kuuza mbao za mtu mwingine bila kujua. Zetu ni themanini na sita. Ukizitaka, pakia. Zile zenye rangi ya bluu zina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Dereva alimtazama Maranda kuanzia kichwa mpaka viatu. "Dada, niuzie basi hizo mia moja kumi na nne zilizopungua. Bosi wangu atanila nyama."

Maranda alikuwa hajawahi kumiliki kitu kikubwa kuliko begi la chuo. Alitazama mbao za baba yake. "Mbao siuzi," alisema. "Mwambie bosi wako kama anataka madawati, mimi nina cheti, nina mbao na nina karakana. Nitamtengenezea madawati yenyewe. Aje aone kazi."

Dereva alicheka, akidhani ni utani. Maranda hakucheka. Dereva akapiga simu, akazungumza, akakata. "Anakuja Jumamosi," alisema. "Anasema dada mwenye majibu ya namna hiyo anataka kumwona mwenyewe."

Mkandarasi alikuja Jumamosi. Aliinama, akagonga ubao kwa ngumi, akausikiliza. Alimpa Maranda kazi ya madawati arobaini kwa majaribio. Maranda alifungua karakana ya baba yake iliyofungwa miaka minane, akafukuza popo, akabadilisha bawaba. Meneja alimtafutia misumari na gundi kwa bei ya duka. Fundi Pima, kwa kuwa alikatazwa kunyanyua, alikaa kwenye kigoda mlangoni akipima kazi ya mwanawe, kwani yeye hakumwita Maranda jina lingine.

"Pembe hii imezidi," alisema.

"Imezidi kiasi gani, Baba Mkubwa?"

"Unywele."

"Wa kwako au wa kwangu? Wako umekwisha."

Madawati arobaini yaliisha kabla ya wiki tatu. Halikupinda hata moja. Mkandarasi aliongeza mengine.

Zilibaki siku nne kabla ya muda uliotajwa kwenye tangazo kwisha. Fundi Pima alimwita Bi Karani, safari hii yeye akiwa ameketi na daftari mbele yake, kalamu mkononi.

"Nataka kuandika mwenyewe," alisema. "Wewe nirekebishe tu nikipotoka."

"Andika kila kitu," alisema Bi Karani. "Hata kabati."

"Hata kabati."

Aliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, kama mtu anayechora kipimo kwenye ubao. Ilimchukua asubuhi nzima. Maranda alisimama nyuma ya bega lake akisoma.

*Kwa Msajili wa Mahakama. Mimi ni mdhamini wa mali ya binti wa marehemu ndugu yangu. Nilikabidhiwa karakana moja na mbao. Sikuandika idadi. Nilizichanganya na zangu, nikazipiga chapa yangu. Nilitumia sita bila ruhusa. Sikuiba, lakini nilikosea. Nimezitenganisha. Ambazo sikuweza kuzithibitisha kuwa ni zangu nimezihesabu kuwa ni zake. Jumla ni mbao mia mbili na nane. Orodha nimeiambatanisha. Binti amemaliza kusomea kazi kama wasia unavyosema. Nimemkabidhi mbao na ufunguo. Naomba hati ya karakana iandikwe kwa jina lake, nami nifunguliwe mzigo huu nikiwa hai, nisiwaachie wanangu kubahatisha.*

"Neno 'nilikosea' umelikoleza wino," alisema Maranda.

"Ili lisomeke," alijibu.

Alitia sahihi. Maranda alitia sahihi chini yake kuwa amepokea. Bi Karani alishuhudia. Meneja alipiga nakala mbili, moja ya Maranda na moja ya daftari la nyumbani. Halafu Fundi Pima aliikunja barua mara tatu, kila mkunjo umepimwa, akaiingiza kwenye bahasha pamoja na orodha.

"Niletee gundi ya mbao," alisema.

"Bahasha ina gundi yake, Baba Meneja," alisema mkewe. "Ilambe tu."

"Gundi ya kulamba siiamini."

Akapaka gundi ya mbao kwa brashi nyembamba, akaifunga bahasha, akaigandamiza chini ya jiwe la kunolea mpaka ikauke. Saa nane mchana alitembea mwenyewe hadi posta, polepole kwa sababu ya mshono, Maranda pembeni yake. Karani wa posta aliigeuza bahasha, akaipima kwenye mizani, akaigonga muhuri mara mbili.

"Ya kusajiliwa?"

"Ya kusajiliwa," alisema Fundi Pima. "Nipe na risiti."

Kisha akaisukuma barua kupitia tundu la dirisha, ikaangukia ndani ya mfuko wa barua zinazoondoka siku hiyo.